Jumba au Ua? Uhakiki wa Maelezo ya Makao ya Mwata Kazembe, Kusini mwa Ziwa Mweru

Kusini mwa Nchelenge, katika bonde la mto Luapula, ndiko yalikokuwa makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa Mashariki. David Livingstone aliyafikia Novemba 1867, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake. Makala haya yanatoa hoja kwamba maelezo hayo yanapima vizuri lakini yanaainisha vibaya, na kwamba istilahi za Kiswahili za urithi wa majengo zinaweza kulirudia kosa hilo.

Livingstone anataja eneo la yadi 300 kwa 200, yaani takriban hekta 5, lililozungushiwa matete marefu. Ndani mna nyumba kubwa mno ya Mwata na vijumba kama 20 vya watumishi. Nyuma yake ipo nyumba ya malkia, nayo ina vijumba vyake. Mwandishi anasita kuyaita makao hayo kasri, kana kwamba hadhi hiyo hustahili jengo moja tu. Hata hivyo, ushahidi wake mwenyewe unampinga: malkia ana kundi lake la nyumba, na mgeni hupokewa uwanjani, mbele ya nyumba ya Mwata. Usanifu umo katika mpangilio.

Neno "jumba" ni ukuzaji wa "nyumba": hulitukuza jengo moja, mengine yakabaki mabanda ya nje. "Ua", kinyume chake, hutaja uzio na pia nafasi iliyozungushiwa. Kwa makao haya, hilo ndilo neno stahiki.

Suala hili si la msamiati pekee. Matete hayadumu, makao yalihamishwa mara kwa mara, na mji wa Mwata ulichomwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1899. Sera inayodai kuta zilizosimama haitaona chochote cha kuhifadhi. Mawe nayo hayana dhamana: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020. Kwa ua wa Mwata, kinachoweza kuhifadhiwa ni ramani ya mpangilio pamoja na majina na kazi za nyumba zake, vikusanywe kwanza kwa Kibemba na Kilunda kutoka kwa wenyeji, ndipo vifasiriwe. Chinyanta Nankula, Mwata wa 14, alikwisha kuonyesha njia: historia ya Walunda iliyoandaliwa chini yake, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, iliandikwa kwa Kibemba.