«Becoming Dr. Q»: tusome hii kitabu mpaka kurasa za mwisho

Kila mara kisha kolasio, hadithi ya Dr. Q inarudi kwenye telefone zetu: kijana wa Mexico aliyeng'oa majani katika mashamba ya California, leo ni munganga mukubwa wa kupasua ubongo. Chini yake wanaandikaga: «Ukitaka, utaweza.» Tunapenda, tunatumia wengine, tunaenda kulala.

Nimesoma kitabu chenyewe, alichotoa Alfredo Quiñones-Hinojosa mwaka 2011 pamoja na mwandishi Mim Eichler Rivas. Ni kitabu kizuri. Lakini tunakisoma vibaya, na chenyewe kinatusaidia kukisoma vibaya.

Kwanza, huyu hakuvuka mupaka kama mutu asiyesoma. Alikuwa amemaliza shule ya ualimu kwao. Wakati wa kugawa kazi, nafasi nzuri zikaenda kwa wenye kuwa na watu wakubwa. Yeye akapewa mbali kule. Nani kati yetu hajui hiyo? Mwaka 1987, akiwa na miaka 19, akaruka uzio. Kisha mashamba ikafuata koleji ya Stockton, Berkeley, Harvard, na mwaka 2005 akaingia Johns Hopkins kama munganga na mutafiti.

Wenye kutuma hadithi wanakata kitu kimoja: watu. Kitabu kinawataja wengi, walimu na waganga waliomufungulia milango. Na ile koleji ya Stockton ni ya serikali, inapokea hata kibarua. Bidii alikuwa nayo tangu shambani. Kule peke yake ingemuzeesha tu.

Kosa la kitabu ni lingine. Ngazi ya kupanda inakula kurasa nyingi sana, na ugonjwa anaopigana nao unafika kwa kuchelewa. Na mimi naona utamu wote uko pale.

Ugonjwa unaitwa glioblastoma. Sisi wa agronomia tutauelewa haraka: ni kama yale majani yenye kutambaa chini ya udongo. Unang'oa, kipande kinabaki, mvua ikinyesha yanaota tena. Munganga anatoa uvimbe, lakini seli zingine zimeshatembea ndani ya ubongo wenye uzima. Tena, mishipa ya damu ya ubongo iko na ukuta unaozuia dawa nyingi kuingia.

Pale Hopkins, Dr. Q alimukuta Henry Brem, mukubwa wa idara. Huyo, pamoja na Robert Langer wa MIT, alitumia akili ambayo mukulima anaijua: usimwage mbolea shamba lote, iweke kwenye tundu, karibu na mbegu. Walitengeneza vidonge bapa vyenye dawa ya karmustini. Munganga akisha kutoa uvimbe, anavipanga, mpaka 8, ndani ya shimo lililobaki, vinayeyuka polepole. Marekani iliruhusu dawa hiyo mwaka 1996.

Na matokeo? Utafiti uliotoka mwaka 1995 ulikuwa na wagonjwa 222, wote uvimbe ulikuwa umewarudilia. Nusu ya waliowekewa dawa waliishi kupita wiki 31. Kwa waliowekewa vidonge vitupu, ilikuwa wiki 23. Miaka mingi ya labo, wiki 8. Dr. Q naye, kisha kitabu kutoka, alijaribu na timu yake kutuma seli za mafuta ya mwili zibebe dawa mpaka kwenye uvimbe. Mwaka 2014 walionyesha panya waliotibiwa wakiishi siku 76, badala ya 52. Panya, si watu. Ugonjwa bado unaua.

Hizo hesabu hakuna mwenye kuziweka kwenye statu. Lakini ndizo zilinisaidia mimi, mwenye lisansi na bila kazi ya kudumu. Nilikuwa nasoma hadithi hii nikitafuta namna ya kutoka shambani, na hata jina la kitabu linaahidi hivyo: kutoka kibarua wa shamba mpaka munganga wa ubongo. Sasa naona mutu aliyepanda mpaka juu, akakuta kule kazi ngumu kuliko ya chini, na bado akabaki nayo kwa ajili ya wiki chache za mugonjwa.

Basi mutume hadithi, lakini mutume na zile kurasa za mwisho. Na tujiulize: siku tukipata kazi, ni swali gani tutakubali kuzeeka nalo? Na nyuma yetu, nani tutamufungulia mulango? Nangojea mawazo yenu.