Siku 14, saa 77: ratiba ya marudio iliyotengenezwa Kashojwa

Ratiba ya kwanza ndiyo iliyopendeza. Ilipigwa mistari kwa rula, ikatiwa rangi nne, ikabandikwa ukutani juu ya kitanda kwa uji wa muhogo. Jumatatu anatomia, Jumanne fiziolojia, Jumatano dawa, na kuendelea hivyo hadi siku ya mtihani, kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku. Mwenye ratiba ni mwanafunzi wa ukunga katika chuo kimoja cha Mbarara. Alirudi kwao Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wiki mbili na siku chache kabla ya mitihani ya mwisho, kwa kuwa kodi ya chumba mjini ilikuwa imemshinda. Kufikia siku ya tatu ratiba ilikuwa maiti. Alinijia na daftari mkononi. "Papa," akasema, "niko nasoma sana, lakini vitu vinatoka mu kichwa."

Nikaitazama ile karatasi. Hapakuwa na uvivu ndani yake. Palikuwa na makosa matatu ya hesabu, na ni makosa ninayoyaona kila msimu wa mitihani.

La kwanza, ilihesabu saa ambazo hazipo. Nyumba yao inapata mwanga kwa paneli moja ndogo ya jua. Taa ikianza kutumika saa moja jioni, saa nne inafifia. Asubuhi kuna foleni ya maji. Mchana kuna wadogo zake, kuna sufuria, kuna mgeni ambaye huwezi kumwambia rudi kesho. Tukahesabu saa zinazobaki kweli, zile ambazo mtu anakaa na kalamu na kichwa chake: 7 kwa siku. Katika siku 14 tukatoa moja ya safari ya kurudi Mbarara, moja ya mgao wa chakula ambao siku nzima huishia kwenye mstari, na moja tutakayoieleza sasa hivi. Zikabaki siku 11, yaani saa 77. Alisikitika. Yeye alikuwa amejiandikia zaidi ya 200.

La pili, iligawa vitabu badala ya kugawa udhaifu. Kila somo lilipata siku yake, kana kwamba mtu anayajua yote kwa kiasi kilekile. Siku ile iliyotengwa ikatumika hapa: hakusoma chochote. Alikaa chini na karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, saa ukutani, majibu yamefungwa. Aliposahihisha, tukaorodhesha mada 30. Nane alizijua vizuri. Ishirini na mbili zilikuwa na mashimo, na baadhi ya hizo ndizo alizokuwa amezisoma usiku wa jana yake, akapigia mstari kwa kalamu ya njano.

La tatu ndilo lililonishughulisha zaidi: hakuna mada iliyorudi. Ukisoma kutokwa damu baada ya kujifungua Jumatatu, ratiba haikukutanishi nayo tena mpaka ukumbi wa mtihani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo kinachookoa mada ni kuirudia kabla haijateremka yote. Kuisoma kwa muda mrefu zaidi mara ya kwanza hakusaidii kiasi hicho.

Na kurudi huko si kusoma tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kule Marekani kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara mbili. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likaandika lililokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao asilimia 42, wenzao 56. Ndiyo sababu kukesha na daftari kunadanganya. Usiku uleule unajiona umeiva.

Basi hesabu ikapangwa upya. Mada dhaifu inapata ziara tatu: dakika 60 za kuisoma na kuiandikia maswali, kesho yake dakika 30 za kujibu maswali hayo bila daftari, na siku mbili baadaye dakika 15 za mwisho. Mada inayojulikana inaruka ziara ya kwanza. Ishirini na mbili mara dakika 105, na nane mara dakika 45, jumla dakika 2,670, yaani saa 44 na nusu. Mada dhaifu zikaingia tatu kwa siku katika siku nane za kwanza, mbovu kabisa zikitangulia ili zipate muda wa kurudi. Saa 32 na nusu zilizobaki hazikuandikwa kitu kwenye karatasi. Hizo ni za mazoezi ya mikono, za mvua, za mdogo mtu akipandwa na homa. Ratiba isiyo na nafasi wazi huvunjika siku ya kwanza ya msiba jirani, na Kashojwa majirani ni wengi.

Maswali aliyaandika kwenye vikadi vilivyokatwa kwa wembe kutoka maboksi ya sabuni, swali upande wenye maandishi ya kiwanda, jibu upande mweupe. Boksi la viatu likagawanywa vyumba vitatu. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha mbele na kusubiri zaidi. Ukikosea, inarudi nyuma hata kama imebakiza hatua moja. Njia hii aliitangaza Sebastian Leitner, mwandishi wa sayansi wa lugha ya Kijerumani, mwaka 1972. Siku hizi zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, nami sina ugomvi nazo, ila boksi halihitaji chaji.

Kadi nzuri inauliza uamuzi. Kadi yake ya kwanza ya chati ya uchungu iliuliza, "Eleza partografu." Hiyo si kadi, ni sura nzima ya kitabu. Tuliibadilisha hivi: mama amefika saa mbili asubuhi, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4, saa sita mchana umefika 6. Uko wapi kwenye chati, na unafanya nini? Hapo lazima achore. Mstari wa tahadhari unapanda sentimita 1 kwa saa, kwa hiyo saa sita ulitarajia 8. Nukta yake imeangukia kulia kwa mstari huo, lakini haijafika mstari wa hatua, ambao uko saa 4 mbele. Kama upo kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji, huo ndio wakati wa kuanza kuita gari, bila kungoja nukta iguse mstari wa pili.

Nilimweleza pia mistari hiyo ilikotoka. Waliichora Philpott na Castle kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakaichapisha mwaka 1972, na lengo la ule wa tahadhari lilikuwa kumwamsha mkunga wa kliniki ya mbali ampeleke mama hospitali mapema. Kwa mtu ambaye rufaa yake kubwa inaishia Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, barabara ya vumbi ikiwa katikati, mstari ule unaacha kuwa mchoro. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanza kuhesabu uchungu mkali kwenye sentimita 5. Hivyo aliandika juu ya kadi ni chati ipi inayoulizwa, kwani mtahini hatakuuliza ulisoma toleo gani.

Lugha nayo ilidai nafasi yake. Huyu alianza sekondari kwa Kifaransa Kivu Kusini, mtihani ni wa Kiingereza, na kichwa chake kinawaza Kiswahili. Vifupisho vinamponza: VIH ya kwao hapa ni HIV, SRO ni ORS. Tukatenga kadi za vifupisho peke yake, dakika 10 kila asubuhi kwenye foleni ya maji. Kisha jioni, kabla taa haijafifia, alimweleza mama yake mada moja kwa Kiswahili kitupu. Pale alipokwama bila neno, mara nyingi kilichokosekana hakikuwa neno. Alikuwa amekariri sentensi ya Kiingereza bila kuielewa.

Jioni moja ilikuwa kifafa cha mimba. Mama anachambua maharage, binti anaeleza: magnesi salfeti gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kabla ya dozi inayofuata, gonga goti uone kama linaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, pima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Akanyamaza, ameridhika. Mama akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje. "Na kama goti halijaruka?"

Binti alinitazama. Mimi nikatazama maharage. Kadi ya kalsiamu glukonati, gramu 1, iliandikwa usiku ule, pamoja na agizo lililokosekana: dozi inayofuata isimamishwe.

Upande wa vitendo ulikula nyingi ya zile saa za wazi. Mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden na wenzake waliuandikia makala mwaka 1975 kule Dundee, Uskoti, unampa mtahiniwa dakika chache kila meza, kengele ikilia anahama. Kujua hakutoshi, mikono na mdomo lazima viende pamoja. Alifanya mazoezi uani na wenzake wawili, mmoja mtahini, mmoja mgonjwa, simu ikihesabu dakika 5. Mwanasesere alikuwa kitenge kilichoviringishwa. Mara ya kwanza mkunga wetu alimfufua mtoto mchanga bila kumkausha kwanza, na bila kumsalimia mama yake.

Kulala hakukujadiliwa. Taa ikizima saa nne, kitabu kinafungwa.

Siku ya 13 boksi lilikuwa na kadi 19 tu kwenye chumba cha nyuma, karibu zote za dozi za watoto. Asubuhi iliyofuata alipanda boda hadi stendi ya taksi pale Base Camp, begi la nguo mgongoni, kadi 19 zimefungwa kwa mpira mfukoni mwa koti. Madaftari aliyaacha juu ya kitanda, chini ya ile ratiba ya rangi nne, ambayo mdogo wake ameshaanza kuichorea magari.