Mteremko wa Kutua

Watu wakitazama mashindano ya kuruka kwa skii na snobodi, macho huwa juu. Kijana amepaa, anajipindua na kujizungusha, mkono mmoja umeshika ubao, na kamera inamfuata angani mpaka mtazamaji anasahau kwamba kuna ardhi. Mimi nimejizoeza kutazama chini. Angani kuna ujasiri na mazoezi ya mrukaji. Ufundi wa aliyeujenga uwanja uko pale atakapotua, kwenye mteremko ambao watangazaji hawana habari nao.

Huku Githongo, Meru, ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa mashariki, miteremko ndiyo maisha yetu. Majani chai yako mteremkoni, kahawa iko mteremkoni, na mvua kubwa ikija kila mtu hujua ni jirani gani aliyechimba makingamaji yake kwa akili na ni yupi aliyeharakisha. Kwa hiyo mtu akiuchonga mteremko vizuri tunamwelewa, hata kama udongo wake ni theluji na shamba lake liko kwenye milima ya Alps.

Kirukio cha theluji kina sehemu zake. Kuna njia ya kuchukulia kasi, kuna kilima kinachoinuka hadi kwenye mdomo, kuna uwanda bapa wa kurukwa, kuna ukingo ambapo uwanda unavunjika kuelekea chini, halafu kuna mteremko wa kutua. Aliyekuja polepole mno huangukia kwenye uwanda au huupiga ukingo kwa magoti. Aliyekuja kwa kasi mno huupita mteremko wote na kutua kule chini kulikonyooka. Hesabu yake si ngumu kuielewa. Anayeruka kutoka mita 3 na kutua kwenye sakafu bapa ana bahati asipovunjika kitu, lakini anayepaa juu zaidi ya hapo na kukutana na ardhi inayoshuka karibu kwa pembe anayoshuka yeye mwenyewe, anateleza tu na kuendelea na safari. Kinachoumiza ni ile sehemu ya mwendo inayoingia ardhini moja kwa moja. Fundi akiipunguza hiyo, ameokoa miguu ya watu asiowajua.

Nchini Marekani wataalamu wawili, Mont Hubbard wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na James McNeil wa Colorado School of Mines, waliifanyia kazi hesabu hiyo kwa miaka. Walionyesha kwamba mteremko wa kutua unaweza kupindwa kwa namna ambayo mrukaji, awe amekuja na kasi ndogo au kubwa, atapata kishindo kilekile kidogo, kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya stuli. Mteremko wa namna hiyo haunyooki. Unazidi kuinama kadiri unavyokwenda, maana anayeruka mbali zaidi huja chini kwa wima zaidi.

Jambo jingine liko mdomoni, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Kilima cha kupandia lazima kipinde, la sivyo hakitamwinua mtu. Lakini mpindo ukiendelea hadi kwenye ukingo wenyewe, unamwachia mrukaji mzunguko ambao hakuutaka: miguu inatangulia juu, kichwa kinabaki nyuma, na anashuka kwa shingo. Kwa hiyo sehemu ya mwisho kabisa kabla ya kuruka huachwa imenyooka. Ukiwa mbali huioni. Fundi huitafuta kwa kupima na kwa kulala kifudifudi pembeni mwa kilima, jicho moja limefumbwa, kisha anainuka na kukwangua theluji kidogo sana.

Kazi kubwa hufanywa usiku, lifti zikishafungwa. Tingatinga la theluji lina mikanda mipana ili lisizame, sepetu mbele na nyuma ngoma yenye meno inayosaga. Dereva wake anasukuma malundo ya theluji gizani kwa mwanga wa taa zake, na mengi ya malundo hayo hayakutoka mawinguni bali kwenye mizinga inayonyunyiza maji na hewa iliyoshindiliwa. Mizinga hiyo inahitaji baridi, na inahitaji hewa kavu pia, kwa sababu katika hewa kavu sehemu ya tone huwa mvuke na kulipoza lililobaki kabla halijagusa chini. Theluji ikishasagwa na kusukumwa, inaachwa. Punje zilizovunjika huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na baada ya saa kadhaa lundo lililokuwa kama unga linakuwa gumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Fundi asiye na subira akilichonga mapema, litabomoka watu wakianza kuruka. Nimewahi kuona mafundi wa kumwaga zege huku kwetu wakigombana na mwenye nyumba juu ya jambo hilihili, na kila mara mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na haraka.

Alfajiri huja watu wa reki. Hawa ndio ninaowastahi zaidi, kwa sababu tingatinga likikosea hukosea kwa nusu mita, nao husahihisha kwa upana wa kidole. Wachumaji wa chai wazoefu wa Githongo huweka fito juu ya vichaka na kuchuma yale tu yaliyoipita, majani mawili na chipukizi, hadi shamba zima linakuwa sawa kana kwamba limepigwa randa, nao wala hawajivuni. Watu wa reki wana jicho hilohilo. Wanavuta kutoka juu kwenda chini, wanafuta alama za mikanda, wanajaza mashimo, wanarudi nyuma hatua mbili kutazama. Mmoja wao kisha huvaa ubao wake na kushuka wa kwanza, bila kuruka, kupima kasi. Akiridhika, anarudi juu na kuruka. Utaratibu wa kumtanguliza mjenzi kwenye kitu alichokijenga ungefaa uigwe kwenye madaraja yetu ya vijijini.

Asili ya viwanja hivi haina utukufu wowote. Hafupaipu (mfereji wa theluji wenye kuta mbili zilizopinda) ya kwanza inayokumbukwa ilikuwa korongo karibu na jalala la taka la Tahoe City, California, mwaka 1979, ambako vijana walichonga kuta kwa sepetu zao. Mashine ya kwanza iliyoweza kuusaga ukuta wenye mpindo, Pipe Dragon, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Doug Waugh wa Colorado, ambaye alikuwa fundi wa mashine za shambani. Sishangai. Anayejua kunyoosha jembe la trekta anajua chuma kinavyokwenda kwenye kitu kinachokataa.

Mwaka 1998 mashine hiyo ilitumika Nagano, Japani, snobodi ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Sisi Wakenya tunaikumbuka Nagano kwa sababu nyingine: Philip Boit alishuka uwanjani katika mbio za skii za kilomita 10, akamaliza wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie akakataa kwenda kuvalishwa medali mpaka Mkenya afike. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Katika michezo hiyohiyo, Gian Simmen wa Uswisi alishinda dhahabu ya hafupaipu huku mvua ikinyesha. Mvua ni adui wa theluji kuliko jua, na sijasikia wimbo wowote wa kuwasifu waliozizuia kuta zisimomonyoke siku ile. Kuta hizo zilikuwa na kimo cha mita 3.5 hivi. Leo kuta za Olimpiki zimefikia karibu maradufu ya hapo, kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, na ukuta huo lazima ufike juu karibu na wima bila kuwa wima kamili, maana ukiinama kwa ndani humrudisha mtu katikati, na ukilegea kwa nje humtupa nyuma ya ukingo.

Afrika Mashariki tuna ndugu wa kazi hii, tena wa saruji. Huko Kangemi, Nairobi, kwenye makao ya watoto ya Shangilia, kuna uwanja wa skateboard uliofunguliwa mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Mipindo yake ilihitaji jicho lilelile. Tofauti ni kwamba saruji ikishika, fundi anakwenda zake. Wa theluji hana siku ya kwenda zake. Mchana jua linalainisha mdomo, mamia ya mbao zinachimba mfereji palepale, na jioni anaanza upya. Majira ya kuchipua yakifika anamwaga chumvi juu ya kilima: sehemu ya theluji inayeyuka, inanyonya joto la iliyo jirani, na maji yanaganda tena yakiwa magumu zaidi. Akiimwaga mapema mno au kwa wingi mno, amekiharibu kilima chake mwenyewe.

Kirimara, Mlima Kenya wetu, hautakuwa na uwanja kama huu, na sioni sababu ya kuulilia. Barafu yake ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kilichobaki kiachwe kiwe chemchemi. Lakini kazi yenyewe ipo barani. Lesotho, kwenye Milima ya Maluti, kuna Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, ambako theluji nyingi hutengenezwa kwa mizinga na vijana wa nchi za kusini huruka vilima na kuteleza juu ya reli za chuma kuanzia Juni hadi Agosti. Ni miezi ambayo huku kwetu kuna baridi na ukungu, na majani chai yanakua polepole. Kijana wa Meru anayependa mashine na asiyeogopa kuamka usiku angeweza kuanzia huko. Kazi ya kwanza atakayopewa itakuwa reki, na asiombe kupanda tingatinga mpaka wenzake waache kurudia alipopita.