Kuiga Kazi, Siyo Picha

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takribani miaka 4 tu. Mzaliwa huyu wa Tunduru alikwishapita katika mashamba ya mkonge ya Tanga na vibarua vya Dar es Salaam kabla ya kushika brashi mwaka 1968. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Muda mfupi hivyo hautoshi kumkomaza mchoraji mmoja, seuze kuzaa mtindo wa nchi nzima. Ulizaa, kwa sababu fundi huyu hakukaa na ujuzi wake peke yake.

Waliomzunguka, wengi wao jamaa zake, walikuwa akina Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kaspar Tedo na Simon Mpata. Hapakuwa na darasa wala cheti. Palikuwa na hadibodi za mraba, kama sentimita 60 kila upande, makopo ya rangi ya mafuta ileile inayopakwa baiskeli, na wateja wa Oysterbay, mtaa wa Dar es Salaam, waliopita kununua.

Rangi hiyo ni mwalimu mkali. Ikizidi huchuruzika, ikipungua huacha michirizi. Haina haraka ya kukauka, na anayetia madoa ya chui juu ya mgongo mbichi huharibu mgongo na madoa pamoja. Ndiyo maana mwanagenzi hufundishwa kungoja kabla hajafundishwa kuchora. Hupaka rangi ya chini mpaka ubao mzima uwe sawa. Hujaza umbo alilolichora fundi bila kuvuka mstari. Hutia madoa, na baada ya hayo madoa mengine, mpaka kiganja kijue kiasi cha rangi bila kuuliza macho. Siku ya kuchora mnyama wake mwenyewe huja mwisho, wala haitangazwi. Fundi humsogezea tu ubao mtupu.

Wahenga walionya kwamba mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Onyo hilo linamfaa anayeiga ukubwa wa mtu bila kuupitia udogo wake. Anayefuatisha mgongo wa chui wa fundi wake hutafuta jambo jingine: brashi ikandamizwe wapi, inyanyuliwe wapi, mkono utue pumzi kabla ya mkunjo gani. Mengi ya haya fundi mwenyewe hawezi kuyasema. Huyaonyesha tu, na kijana huyapata kwa kurudia. Kuiga picha ni kazi ya siku moja. Kuiga kazi iliyoizaa picha huchukua ujana mzima.

Dalili kwamba mafunzo yameingia ni mwanafunzi kuanza kutofautiana na fundi wake. Simon Mpata alikwenda Kenya akachora wanyama ambao hutawadhania kuwa wa Tingatinga, ijapokuwa nidhamu ya rangi ni ileile. Wenzake waliobaki Dar es Salaam wakawafunza wengine, hao nao wakawafunza wa kwao, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na ushirika wao uliosajiliwa. Ubao uliokuwa na mnyama mmoja ukajaa ndege, soko, harusi, hospitali.

Kweli, biashara ya utalii imeleta picha nyingi zinazofanana kama matofali, na wakosoaji husema mtindo umechoka. Lawama hiyo si ya uanagenzi. Ni ya kumkatisha kijana njiani: ameshajua kunakili kinachouzwa, mnunuzi yuko mlangoni, na hakuna aliyebaki kumwambia kwamba bado. Kazi ngumu ya mlezi wa msanii ni kumshikilia mwanafunzi katika kuiga mpaka mkono wake utii, kisha kumtaka aache kuiga, hata kama nakala zinalipa. Fundi anayeyatenda yote mawili huongeza idadi ya mafundi. Anayetenda la kwanza pekee hujiongezea vibarua.