“Balitupiga” au “Balibapiga”: Klabu na Taifa katika Simulizi za Kandanda za Kolwezi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umeshughulikia ngano, methali, nyimbo za harusi na majigambo, lakini masimulizi ya wapenzi wa kandanda umewaachia waandishi wa magazeti. Hasara yake ni kubwa hasa kuhusu ukanda wa shaba wa Kongo. Huko Kiswahili kilikomaa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, miongoni mwa watu waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya karibu, na mpira wa miguu ulikomaa katika kambi hizo hizo. Kolwezi, mji wa machimbo ulio kiasi cha kilomita 300 kutoka Lubumbashi na ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wakazi wake wengi wanashabikia klabu ambayo si ya mji wao, na timu ya taifa inayosimamiwa kutoka Kinshasa, mbali zaidi.

Kuna dai linalorudiwa mara kwa mara kuhusu mashabiki hao. Inasemwa kwamba mtu wa ukanda huu ni wa TP Mazembe kwanza na wa timu ya taifa baadaye, ikiwa ipo nafasi. Na kwamba mapenzi yake kwa klabu ni mabaki ya Katanga ya Tshombe yaliyovishwa jezi. Dai hilo lina mvuto wake. Katanga ilijitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960, na Kolwezi ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho ya Tshombe majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Januari 1963. Mwaka 1978 mji huo huo ulitekwa na wapiganaji waliotokana na askari wa Katanga waliokuwa uhamishoni Angola. Anayezijua tarehe hizi huwa mwepesi wa kuona utengano kila anapoona bendera nyeusi na nyeupe. Hata hivyo, dai lenyewe limesoma ramani na kuacha kusikiliza maneno. Tena halina jibu kwa swali dogo kabisa: ikiwa Mazembe ndiyo Katanga, Saint-Éloi Lupopo ni nini? Klabu hiyo ilizaliwa Lubumbashi mwaka 1939, mwaka ule ule wa Mazembe, ikawa ya watu wa reli, na mashabiki wake hawajawahi kukubali kuwa si Wakatanga kwa sababu tu wanaombea Mazembe ifungwe.

Kipimo bora kimo ndani ya lugha yenyewe. Katika Kiswahili cha ukanda wa shaba, kiambishi cha nafsi ya tatu wingi ni ba- badala ya wa-: batu, balikuja, balishinda. Anayesimulia mchezo uliokwisha hana budi kuchagua. Akisema “balitupiga”, amejihesabu miongoni mwa walioshindwa. Akisema “balibapiga”, amesimama kando na walioshindwa ni watu wengine. Kitenzi cha Kiswahili hakimpi msimulizi mahali pa kujificha. Bila shaka ujanja wa kusema “tumeshinda” leo na “wameshindwa” kesho unajulikana kila mahali, na wapenzi wa Simba na Yanga jijini Dar es Salaam wanaujua vizuri Taifa Stars inapofungwa. Kinachostahili uchunguzi katika simulizi za ukanda wa shaba ni kwamba kiambishi kinaweza kugeuka katikati ya simulizi moja, kuhusu timu moja, na mgeuko huo una sababu.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria, nayo inalipinga dai la utengano moja kwa moja. Mwaka 1967 ulianza kwa serikali ya Mobutu kutaifisha mali ya Union Minière, yaani shaba yenyewe. Ulikwisha kwa klabu ya Lubumbashi, wakati huo ikiitwa TP Englebert, kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Mwisho wa fainali hiyo haukuwa mtamu sana: sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, kisha Waghana hawakutokea kwenye mchezo wa marudio. Lakini Januari 1968, huko Addis Ababa, timu ya taifa ya Kongo iliifunga Ghana 1–0 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na bao lile lilifungwa na Kalala, mchezaji wa Englebert. Miaka mitano tu baada ya Kolwezi kusalimu amri, mguu wa Lubumbashi uliipatia Kongo kombe lake la kwanza la bara. Simulizi ya mwaka 1968 inaweza kusemwa yote kwa tu- bila mtu kujiuliza kama hiyo tu- ni ya klabu au ya taifa. Taifa lilipitia mlango wa klabu kuingia nyumbani, na mashabiki wa ukanda wa shaba wameendelea kulitazama kupitia mlango huo: kabla ya kuipenda timu ya taifa, huhesabu kwanza waliomo.

Simulizi ya mwaka 1974 ndiyo iliyoivunja tu- hiyo, na kwa mhakiki ndiyo tajiri kuliko zote. Inaanza kwa ushindi. Machi mwaka huo, nchini Misri, Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa kwa kuifunga Zambia 2–0 katika fainali ya marudio, na Ndaye Mulamba alimaliza mashindano akiwa na mabao tisa, rekodi ambayo bado inatajwa. Ndaye alikuwa mzaliwa wa Kasai na mchezaji wa Vita Club ya Kinshasa, lakini jina lake la utani lilikuwa Mutumbula. Wanafunzi wa Kiswahili wangefaa kulitua neno hilo chini na kulichunguza. Wakati wa ukoloni, batumbula walikuwa watu wa kuogofya katika miji ya shaba, wale waliosemekana kuwateka Waafrika usiku wasionekane tena. Jinamizi la kambi za Katanga likawa sifa ya mfungaji wa taifa zima. Kama kungekuwa na ukuta kati ya utamaduni wa klabu na wa taifa, neno hilo lilipita chini yake.

Kisha inakuja Ujerumani Magharibi. Zaire ilifungwa na Scotland 2–0, na tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, ikafungwa na Yugoslavia 9–0. Baada ya mabao matatu ya mwanzo, mlinda mlango Kazadi alitolewa nje, akaingizwa Tubilandu. Kazadi alikuwa wa Mazembe, Tubilandu wa Vita. Kocha Blagoje Vidinić alieleza baadaye kwamba agizo la kumtoa Kazadi lilitoka kwa afisa wa serikali. Katika mchezo huo huo mwamuzi alimtoa Ndaye kwa kosa la Mwepu Ilunga, mlinzi wa Mazembe: mtu wa Kasai akaadhibiwa kwa teke la mtu wa Lubumbashi. Siku nne baadaye, dhidi ya Brazili, Mwepu alichomoka kwenye ukuta wa walinzi na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazili hawajaupiga bado.

Matini mbili zimetokana na teke hilo. Ya kwanza ni ya watangazaji wa Ulaya, waliocheka na kusema kwamba Mwafrika huyo hajui sheria za mchezo. Ya pili ni ya Mwepu mwenyewe, aliyesema katika mahojiano ya miaka ya baadaye kwamba sheria alizijua. Kwamba wachezaji hawakuwa wamelipwa fedha walizoahidiwa. Na kwamba walikuwa wameonywa na watu wa Mobutu wasithubutu kurudi nyumbani iwapo Brazili ingewafunga zaidi ya mabao matatu. Brazili ilifunga matatu. Ya kwanza ni kichekesho, ya pili ni tanzia yenye mhusika anayetenda kwa akili. Lakini hata ya pili ina ufa, nao uko katika viambishi. Aliyepangwa uwanjani na kutishwa ni “sisi”. Aliyepanga, kuzuia fedha na kutisha ni “wao”, na hao wao hawakuwa Wabrazili wala Wayugoslavia. Ba- ya simulizi ya 1974 inaelekea Kinshasa. Ndiyo maana msimulizi wa ukanda wa shaba anaweza kuanza na tu- ya ushindi wa Misri na kufika mwisho akisema “balibapiga”, bila kuwa amemkana mchezaji hata mmoja. Alichokikana ni dola iliyokuwa imejitia ndani ya jezi, tangu pale Mobutu alipoliondoa jina la Simba lililokuwa la timu ya taifa na kuipa jina la Chui, alama yake mwenyewe. Kuliita jambo hilo utengano ni kuchanganya serikali na nchi, kosa ambalo serikali hiyo ingefurahi sana kuona wasomi wakilifanya.

Kwa upande wake, tu- ya klabu ina upana ambao siasa za mkoa hazijawahi kuwa nao. Wabenediktini wa Lubumbashi walioianzisha timu hiyo kwa jina la Mtakatifu Georges wangeshangaa kuona kwamba sasa inaitwa Tout Puissant, jina ambalo katika sala Kiswahili hulitafsiri kwa neno moja tu, Mwenyezi. (Jina lake jingine ni Kunguru, nalo humchekesha msomaji wa pwani, ambako kunguru husifiwa kwa woga unaookoa ubawa wake.) Mwenyezi huyu hakuuliza hati ya kusafiria. Februari 2012, Kongo ikiwa haimo kwenye fainali za Afrika, Zambia ilitwaa kombe kwa mkwaju wa penalti wa Stoppila Sunzu, mchezaji wa Mazembe, na kikosini alikuwamo pia Rainford Kalaba wa klabu hiyo. Mbwana Samatta alisajiliwa mwaka 2011 baada ya kuifunga Mazembe akiwa na Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2015 aliiongoza kutwaa Ligi ya Mabingwa, na hakuhitaji mkalimani mitaani. Hesabu ya mashabiki, “wangapi wetu wamo?”, ilivuka mipaka miwili bila kutambua kwamba imevuka.

Isisahaulike, hata hivyo, kwamba tu- pana inaweza kuwa na ukatili wake. Desemba 2010, Mazembe ilipofungwa na Inter Milan 3–0 katika fainali ya klabu za dunia huko Abu Dhabi, vijana wa Lubumbashi walishambulia maduka ya Wachina wakidhani mwamuzi alikuwa Mchina. Alikuwa Mjapani. Katika ukanda ambao migodi yake ilikuwa inapita mikononi mwa kampuni za Kichina, ba- ilikuwa imekwisha kutafutiwa uso kabla kipenga hakijapulizwa.

Lakini mtihani mkubwa zaidi ulikuwa umepita mapema. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa majumbani na kazini, wakakusanyika kwenye stesheni kungojea treni, na wengi wakafa njiani. Waliitwa bilulu, wadudu. Neno hilo si ba- tena: kiambishi bi- kimewatoa katika ngeli ya watu. Ajabu ni kwamba orodha ya mashujaa wa Mazembe haikuguswa. Kalala, Kazadi, Bwanga Tshimen aliyetangazwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973: majina kama haya yanasikika katika nyumba za Waluba wa Kasai sawa na mahali pengine popote. Mtu aliweza kulitukuza jina uwanjani asubuhi na jioni kumfukuza jirani mwenye jina hilo. Hapa sifa za kandanda kama fasihi ya umoja, zinazoimbwa sana na wapenzi wake, zinakwama. Simulizi ya klabu iliwahifadhi wafu na wastaafu. Haikuwahifadhi walio hai. Mhakiki anayetaka kuitetea simulizi hiyo mbele ya dai la utengano, kama ilivyofanywa hapa, hana haki ya kuuruka mwaka 1993.

Upo pia ukimya wa aina nyingine, mdogo na wa kila siku. Kolwezi ina klabu yake, AS Simba, inayobeba, labda kwa sadfa tu, jina lile lile lililovuliwa timu ya taifa. Mjadala wa klabu au taifa unapoendeshwa mjini humo, Simba haitajwi. Mizani ina Mazembe upande mmoja na Léopards upande wa pili, na mji wenyewe hauna sahani. Mji uliozoea kuona shaba na kobalti yake ikipakiwa kwenda kwingine unaonekana umezoea vilevile kupeleka shangwe zake kwingine.

Kwa muda mrefu hesabu ya “wangapi wetu wamo” ilitosha. Hata katika fainali ya CHAN mjini Kigali, Februari 2016, mabao yote matatu dhidi ya Mali yalifungwa na Meschak Elia na Jonathan Bolingi wa Mazembe, chini ya Florent Ibenge, kocha wa Vita. Kila upande ulipata cha kujivunia. Leo hesabu hiyo imepoteza msingi wake. Kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Mataifa huko Côte d’Ivoire, Februari 2024, kilijengwa zaidi kwa wachezaji wa klabu za Ulaya, na shabiki aliyezoea kuingia kupitia mlango wa Mazembe aliukuta karibu umefungwa. Jioni ya mchezo dhidi ya wenyeji, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji walifunika vinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono wa pili kwenye kipaji, mfano wa bastola, kwa ajili ya wanaouawa mashariki ya nchi. Wanaouawa huko ni wasemaji wa Kiswahili, wa lahaja nyingine, nao pia husema ba-. Ishara ile haikuwa na kitenzi, kwa hiyo haikuwa na kiambishi. Kila mtazamaji wa Kolwezi alibaki na kazi ya kukitia mwenyewe alipoisimulia kesho yake.