Fani ya Udongo na Picha Iliyokosekana

Wanafunzi wetu wengi wakisikia sinema ya udongo hufikiria katuni za watoto. Hawakosei kabisa. The Wrong Trousers ya Nick Park (1993) ni mfano bora wa uchekeshaji huo: kila sekunde moja ya mwendo hudai mikao 12 hadi 24, kila mkao ukipigwa picha peke yake, na alama za vidole vya msanii hubaki miilini mwa wahusika. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba fani hiyo inaweza kubeba maudhui mazito kuliko kicheko, na kwamba sisi wa Rwanda tuna sababu ya kuichunguza.

Tuanze na jirani. Mwezi Julai 1989, huko Mukura, mashariki mwa Uganda, wanajeshi wa serikali waliwafungia raia ndani ya behewa la treni wakiwatuhumu kuwa waasi. Watu 69 walifia humo. Mwaka 2010 Peter Tukei Muhumuza wa Uganda alitoa filamu fupi, Kengere, inayokumbuka kisa hicho kwa vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo. Vikaragosi vinatupeleka mahali ambapo kamera haikufika.

Miaka mitatu baadaye Rithy Panh wa Kambodia, aliyepoteza wazazi na ndugu chini ya utawala wa Khmer Rouge (1975–1979), alitoa L'Image manquante, yaani picha iliyokosekana. Watawala walijipigia filamu za watu wakichapa kazi, mateso hawakuyapiga. Kwa hiyo Sarith Mang alichonga watu wadogo wa udongo na kuwapaka rangi. Sanamu hizi hazisogei. Kamera ndiyo inayotembea kati yao. Mpenzi wa uhuishaji ataiona hiyo kuwa kasoro. Kwa maoni yetu ndiyo nguvu ya filamu: marehemu hafufuliwi ili atuburudishe.

Je, si kuwadhalilisha waliouawa kuwafanya sanamu ndogo? Swali hili ni zito kwetu, tunaoishi na manusura wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hatusemi kwamba matukio haya matatu yanalingana. Tunalinganisha fani tu. Katika Hotel Rwanda (2004), iliyopigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, mwigizaji hutuomba tusahau kwamba anaigiza. Udongo hauombi hivyo. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kuwa ni udongo, hivyo hadanganyiki kwamba ameona kilichotokea. Anabaki na deni la kuwauliza waliokuwapo.

Dosari ipo. Masimulizi ya filamu ya Panh, yaliyoandikwa kwa Kifaransa na Christophe Bataille, mara nyingine hueleza jambo ambalo sanamu imekwisha kulisema.

Kwa upande wa lugha, mwanafunzi aliyekulia vilima vya Giheke ana mtaji wake. Kinyarwanda husema kubumba kwa chungu na kwa tofali. Kiswahili hutenganisha: chungu hufinyangwa, tofali hufyatuliwa. Lakini Kiswahili kina pia kuumba, ambalo ni shina lile lile la kubumba lililodondosha b, na ambalo leo tunalitumia zaidi kwa kazi ya Mungu. Anayesikia ukaribu huo hatashangaa msanii akimrudishia mtu umbo lake kwa udongo.

Tunapendekeza zoezi kwa darasa la uhakiki. Oneshwa dakika tano za filamu ya Panh bila sauti, kisha andika masimulizi yako kwa Kiswahili. Wasomee wenzako huku picha zikipita. Kila sentensi inayorudia kile kinachoonekana, ikate. Zitakazosalia ndizo tutakazozijadili.