Kicheko ni dawa, sawa. Lakini nani anabeba mgonjwa?

Bayaya, wenzangu wa lisanse, na wadogo wetu wenye wangali kwa oditwari: kuna sentensi moja inazunguka kila siku kwa simu zetu, kwa mahubiri na kwa semina. «Cheka, kicheko ni dawa.» Mara nyingi inakuja na video ya mtu anaanguka ndani ya matope, na chini yake orodha ya faida: presha inashuka, damu inatembea vizuri, mawazo yanaisha, usingizi unarudi.

Sikuandika hii juu ya kupinga furaha. Bunia ni mji wenye ulipita miaka ya 1999 hadi 2003, ukaingia chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na mpaka leo watu wenye walikimbia vijiji vyao wanalala chini ya mahema karibu na nyumba zetu. Mji kama huu usingekuwa na kicheko, ungekuwa umezimika zamani. Lakini sisi tulisoma. Mtu akituletea dawa ya mihogo au ya kuku, tunamuuliza: ilipimwa wapi? Kipimo ni gani? Inaweza kudhuru nani? Dawa hii ya kicheko, mbona tunaimeza bila kuuliza?

Tuanze na shahidi mkubwa wa habari hii, Norman Cousins, mwandishi wa Marekani. Mwaka 1964 alishikwa na ugonjwa mkali wa viungo. Alisema kwamba nafasi ya kupona kabisa ilikuwa moja kwa 500. Akatoka hospitali, akahamia hoteli, akawa anatazama filamu za kuchekesha, hasa za Marx Brothers. Aliandika kwamba dakika kumi za kicheko cha kweli zilimpa saa mbili za kulala bila maumivu. Mwaka 1976 habari yake ilitoka kwa jarida kubwa la waganga, New England Journal of Medicine, na mwaka 1979 ikawa kitabu, Anatomy of an Illness. Sehemu kubwa ya video za «cheka upone» zinatokana na kitabu hiki, hata kama wenye kuzituma hawajui jina lake.

Kitabu ni kizuri kusoma, na kina jambo moja la maana: mgonjwa si gunia la kubebwa tu, ana haki ya kushiriki katika kupona kwake. Hapo nakubali. Lakini kama ushahidi, kitabu hiki kina shida ambayo mwanafunzi wa kwanza wa agronomi angeiona. Cousins alibadilisha mambo mengi kwa mara moja. Aliacha dawa za hospitali, alibadilisha chumba na chakula, alijitia vitamini C nyingi kwa mishipa, alipata munganga rafiki wa kumsikiliza, na alicheka. Wewe ukibadilisha mbegu, nafasi kati ya mashimo, mbolea na siku ya kupanda kwa msimu mmoja, halafu mavuno yakaongezeka, utasema ni nini iliongeza? Hauwezi. Unahitaji kipande cha shamba chenye haukugusa, ili ulinganishe. Cousins hakuwa na kipande hicho. Alikuwa mtu mmoja, na tena mwenye pesa ya kulipa hoteli. Hata ugonjwa wenyewe, wengine walikuja kuuliza kama ulikuwa kweli ule uliotajwa.

Je, basi hakuna kitu? Kipo. Robert Provine, mtafiti wa Marekani, na wanafunzi wake walienda kusikiliza watu sokoni, barabarani na kwa mashule, wakaandika nini ilisemwa mbele ya kila kicheko, mara 1.200. Waliona mambo mawili. La kwanza, vicheko vingi havifuati kichekesho chochote. Watu wanacheka baada ya maneno kama «haya, tutaonana» au «nilikuambia». La pili, mtu anacheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walichapisha kazi nyingine: watu waliocheka pamoja wakitazama michezo ya kuchekesha, walivumilia maumivu zaidi kuliko wale waliotazama filamu ya kawaida. Maelezo yake ni kwamba kicheko kinasukuma mwili kutoa endorfini, dawa ya maumivu yenye mwili unajitengenezea.

Angalia vizuri hizo kazi mbili. Hazisemi kwamba video peke yake ni dawa. Zinasema kwamba wenzako ni sehemu ya dawa. Kicheko ni alama ya kuwa pamoja, na mwili unaijua alama hiyo. Sasa yule mwenye analala chini ya hema pale Kigonze, ukimtumia video ya kuchekesha na wewe unabaki kwako, umemtumia chupa bila dawa ndani.

Shahidi wa pili ni jirani zaidi, na ndiye mwenye anasimuliwa vibaya kuliko wote. Ni habari ya Kashasha, upande wa Bukoba, Tanganyika, kando ya Ziwa Viktoria. Utasikia inaelezwa kama mzaha: «Eti kuna kijiji Afrika kilicheka mwaka mzima!» Waganga wawili, Rankin na Philip, waliandika habari hiyo mwaka 1963, na mambo ni haya. Tarehe 30 Januari 1962, kwa shule ya bweni ya wasichana ya misheni, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kuacha. Hali ikashika wanafunzi 95 kati ya 159. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana wakarudi kwao, na ugonjwa ukawafuata: kule Nshamba ulishika watu 217, wengi vijana. Shule zingine nazo zikafungwa. Shambulio moja liliweza kuchukua saa chache, na kuna wenye hali ilidumu mpaka siku 16. Walicheka na kulia, wakahangaika, wengine wakapiga waliotaka kuwashika. Walipimwa damu, chakula kikachunguzwa, hakuna sumu, hakuna mikrobi. Hakuna aliyekufa. Na walimu hawakushikwa.

Kicheko cha Kashasha hakikuwa furaha. Wenye walikisoma baadaye, kama mwanaisimu Christian Hempelmann, wanakiita ugonjwa wa woga na mkazo unaopita kutoka mtu hadi mtu, hasa kati ya wenye hawana sauti. Kumbuka tarehe: uhuru wa Tanganyika ulikuwa 9 Desemba 1961, hata miezi miwili haijapita. Watoto wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya sheria kali za bweni, katika nchi yenye kila kitu kinabadilika. Hawakuwa na njia ya kusema «tumechoka». Mwili ukasema kwa ajili yao, na njia yenye ulipata ni kicheko.

Hii inatuhusu moja kwa moja. Hapa kwetu tunapenda kusema: «Ona, batu ba site beko nacheka, bamesha zoea.» Mgeni anakuja, anapiga picha ya watoto wenye wanacheka, anaandika kwamba watu wa Ituri ni hodari. Hodari, ndiyo. Lakini Kashasha inatufundisha kwamba kicheko si cheti cha afya. Mtu anaweza kucheka juu hana tena machozi. Mwenye anasoma kicheko kama uthibitisho kwamba mambo ni sawa, anajipa ruhusa ya kutofanya kitu.

Na kuna jambo baya zaidi. Dawa yenye nguvu, ukizidisha au ukimpa mtu asiyefaa, inaua. Julai 1993, kule Kigali, radio RTLM ilianza kutangaza. Watu wengi waliisikiliza juu ilikuwa tamu: muziki wa Zaire, watangazaji wanaongea kama vijana wa mtaani, mzaha bila kukoma. Kicheko kilifungua mlango, halafu kupitia mlango ule ule yakapita majina ya watu wa kuuawa. Desemba 2003 mahakama ya Arusha ilihukumu waanzilishi wawili wa radio hiyo. Wale wasikilizaji wa mwanzo pengine presha yao ilishuka pia walipokuwa wanacheka. Endorfini haiulizi unamcheka nani.

Kwa Ituri sihitaji kueleza sana. Kila mmoja wetu iko kwa kundi la WhatsApp, na kila mmoja alisha ona kichekesho juu ya namna kabila fulani inaongea, inakula, ao inaomba. «Ni mzaha tu, yaya, usikasirike.» Wahenga walisema: mcheka kilema hafi bila kumfika. Mimi ninaongeza: kundi lenye linacheka kabila ingine kila asubuhi, linafanya mazoezi ya kutosikia uchungu wa wale watu.

Basi mzaha wenye afya unafanana na nini? Ninajua mifano miwili, na yote iko ndani ya Kiswahili.

Wa kwanza ni hapa Kongo, Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilichekesha Katanga kwa miaka mingi, kwa radio na televisheni, kwa Kiswahili cha kule. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, mtafiti Johannes Fabian aliwafuata walipokuwa wanatengeneza mchezo kutoka kwa usemi mmoja wa Kifaransa wenye maana kwamba mamlaka yanaliwa mazima. Walijadili usemi wenyewe, wakagawana sehemu, wakaenda kuucheza kijijini nje ya mji ili televisheni irekodi. Fabian alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1990. Kuna mwenye anaweza kuwakosoa: hawakumtaja mkubwa wa nchi kwa jina, walijificha nyuma ya chifu wa kijiji. Ni kweli. Lakini tazama mzaha wao ulielekea wapi. Ulipanda juu, kwa mwenye mamlaka, na uligeuka kwa watazamaji wenyewe na mambo ya nyumbani kwao. Haukushuka kwa mwenye amelala chini tayari.

Mfano wa pili ni utani wa Tanzania. Hapa utani si kichekesho tu, ni mkataba. Kuna makabila ambayo babu zao walipigana, Wangoni na baadhi ya majirani zao kwa mfano, na wajukuu leo ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, kukuchukulia kitu, kukucheka mbele ya maiti ya baba yako, na wewe hauna ruhusa ya kukasirika. Lakini kuna masharti. Kwanza, ni pande mbili: leo ananicheka, kesho ninamcheka. Pili, na hii ndiyo sababu niliandika yote haya, mtani ana kazi kwa msiba. Anakuja kusaidia mazishi, anashughulika, anawachekesha wafiwa wakati machozi yamewazidi. Haki yake ya kukucheka inatoka kwa deni lake la kukuzika.

Hapo ndipo ninaona kipimo chenye video zote zimeacha. Kicheko kinaponya pale ambapo mwenye kucheka anabeba pia mzigo wa mwenzake. Ukitoa deni, ukabakiza kicheko, unapata kitu kingine: ao usingizi wa dakika kumi, ao matusi.

Mtu atanijibu: «Utani ulikuja baada ya amani. Sisi bado tunazika.» Ni neno la kweli. Utani hauwezi kuchukua nafasi ya haki, wala kurudisha mashamba ya mtu kule Djugu. Sisemi kesho asubuhi tuanze kutaniana juu ya vita. Kidonda kingali kibichi. Ninasema tuanze na upande wa deni, juu huo hausubiri mtu. Nenda kwa matanga ya jirani mwenye si wa kabila lako, beba maji, panga viti. Kicheko kitakuja chenyewe, na kitakuwa na haki ya kuja.

Kwa sisi wenye diplome, ninaomba mambo matatu tu. Ukitaka kumtuma mgonjwa kicheko, nenda ukae naye. Ukiona mtu anacheka kambini, muulize pia kama amekula. Na kabla ya kubonyeza «tuma» kwa kundi, jiulize: huyu mwenye tunacheka, akifiwa leo usiku, mimi nitakuwa kwa matanga yake? Kama jibu ni hapana, futa.

Mwenye ana mawazo tofauti aandike hapa chini, tubishane. Na kama ana kichekesho kizuri juu ya maagronomi, alete pia. Tunastahili, na kwa matanga tuko tunafikaka.